Hati ya Mashtaka Yenye Jina Langu

Tangu nichaguliwe kuwa mwakilishi wa chama cha walimu shuleni kwetu, simu nyingi ninazopigiwa usiku ni za aina moja. Mwalimu, mara nyingi kijana wa ajira mpya, amekabidhiwa bahasha na mkuu wake wa shule wakati wa kutoka, ameifungua njiani juu ya bodaboda, na sasa hajui aanzie wapi. Anataka kunieleza yote kwa mkupuo: mtoto yule ana tabia gani, mzazi wake ana kisirani gani, mkuu wa shule anamwinda tangu lini. Huwa namsikiliza mpaka amalize, kisha namwuliza: barua imeandika nini? Nisomee neno kwa neno. Wengi hulazimika kwenda kuitafuta tena barua yenyewe, kwa sababu waliona jina lao na neno "tuhuma" na hawakuendelea kusoma.

Nawaelewa vizuri. Ya kwangu niliipata mwaka 2019, nikifundisha Jiografia na Kiswahili kwenye shule ya sekondari ya kata, huku Kanda ya Kati. Hali ya hewa kwa walimu ilikuwa nzito. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mkoani Kagera, mtoto wa miaka 13, alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa madai ya kuiba pochi. Machi 2019 Mahakama Kuu, Bukoba, ikamhukumu mwalimu huyo kunyongwa hadi kufa. Habari ile iliingia kila ofisi ya walimu na kila nyumba yenye mwanafunzi. Mzazi ambaye zamani angekuja shuleni akasema "mfundisheni tu huyu, ngozi yenu mifupa yangu" sasa alikuwa anakuja na swali, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Wiki ya tukio nilikuwa zamu pamoja na mwalimu mwenzangu wa kiume. Jumatatu alfajiri mvua ilinyesha, korongo lililo kati ya shule na vitongoji vya magharibi likajaa, na watoto wa upande huo wakafika mstari ukiwa umeshaanza. Mimi nilisimama langoni na daftari la zamu, nikiandika jina, kidato na saa ya kila aliyechelewa. Mbele, mstarini, walimu wengine walikuwa wanawachapa. Niliinama kuandika, nikainuka, nikainama tena. Nilipoinuka mara moja nilimwona binti wa kidato cha pili amefunika sikio la kushoto kwa kiganja, anakwenda darasani huku ameegemea bega la mwenzake. Nikamwita.

"Una nini?"

"Sikio linapiga kelele, Madam."

Nilimtuma na yule mwenzake kwa mwalimu wa afya, nikaliandika hilo nalo kwenye daftari: jina, saa, analalamika sikio, amepelekwa kwa nani. Niliandika kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa na mwalimu aliyenipokea kazini: kwenye zamu, kisichoandikwa hakikutokea.

Kesho yake binti hakuja shule. Baba yake alimpeleka zahanati, zahanati ikasema hawana kifaa cha kuangalia ndani ya sikio, akaenda polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya aliyejeruhiwa, akafika hospitali ya wilaya. Huko ikaonekana ngoma ya sikio imepasuka. Baba akaandika barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na mtu aliyetajwa ndani yake kuwa amempiga binti yule nilikuwa mimi.

Kabla hati ya mashtaka haijafika, kuna barua nyingine hutangulia, ya kutakiwa kutoa maelezo. Hutoka kwa mkuu wa shule, ni fupi, na walimu huidharau. Wanajibu papo hapo kwa hasira kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Maelezo hayo ya kwanza yanakwenda kwenye jalada na yanabaki humo. Miezi ikipita, mtu atayaweka mezani kando ya maelezo yako ya pili na kukuuliza kwa nini hayafanani. Kwa hiyo barua ile ndogo ijibiwe kwa utulivu uleule wa barua kubwa. Ikiwa siku uliyopewa ni kesho, andika kuomba muda, na lile ombi nalo liwe na nakala.

Sasa nieleze siku ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya kikao.

Mkuu wa shule aliniita ofisini baada ya vipindi. Mezani alikuwa amefungua daftari la viboko. Asiyelijua alijue: Waraka wa Elimu Na. 24 wa mwaka 2002 unasema viboko visizidi 4, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa pale ambapo hayupo, na kila adhabu iandikwe. Kanuni za tangu 1979 zinataja mahali pawili tu pa kuchapa, kiganjani au matakoni juu ya nguo, tena kwa fimbo nyepesi. Kofi halimo kabisa. Ndiyo sheria ilivyo kwenye karatasi. Kwenye shule nyingi daftari lile hukaa kabatini mpaka siku mkaguzi anapokuja.

Siku hiyo lilikuwa na mstari mpya ulioandikwa kwa penseli. Tarehe ya Jumatatu ile. Jina la binti. Kosa: kuchelewa. Viboko: 2, mkononi. Aliyetoa adhabu: jina langu. Nafasi ya sahihi ilikuwa wazi.

"Mwalimu, weka sahihi hapa tuyaweke mambo sawa," alisema, bila ukali wowote. "Ukisaini, kila kitu kiko ndani ya waraka. Mwalimu wa kike, msichana, viboko viwili, mkononi. Hakuna wa kukugusa. Hilo la sikio ni lake na hospitali."

"Mkuu, mimi sikumchapa yule mtoto."

"Najua. Lakini wewe ndiye mwanamke uliyekuwa zamu."

Aliniambia kwa upole, kama mtu anayenisaidia, na nadhani moyoni aliamini ananisaidia. Shule ingepona, walimu waliokuwa mstarini wangepona, na mimi, kwa hesabu zake, ningebaki na adhabu halali ya viboko viwili. Nikamjibu: "Mkuu, naomba agizo hilo uniandikie kwa barua, na mimi nitakujibu kwa barua." Akanitazama kidogo, akafunga daftari. Barua haikuandikwa.

Sentensi ile nawafundisha walimu wote wanaonipigia. Haina utovu wa nidhamu ndani yake, wala haimkatalii mkubwa wako kazi. Inamwomba tu aweke jina lake chini ya anachokuagiza. Agizo halali litaandikwa bila shida. Jioni hiyo, kabla sijapika, nilichukua daftari langu mwenyewe nikaandika tarehe, saa, nilichoambiwa na nilichojibu. Sikumwandikia mtu yeyote. Nilijiandikia, kwa sababu kumbukumbu ya mtu mwenye hofu hubadilika kila siku, na nilitaka maneno yabaki yalivyokuwa.

Hati ya mashtaka ilifika baadaye kutoka ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu wilayani. Ilikuwa na makosa mawili: kutoa adhabu ya viboko bila idhini ya mkuu wa shule, na kumjeruhi mwanafunzi sikio la kushoto. Ilinipa siku 14 za kujibu. Hapo ndipo mwalimu anapopaswa kujua yuko mbele ya nani. Tangu sheria ya mwaka 2015 iliyoanzisha Tume hii, makosa mepesi ya mwalimu wa serikali huishia kwa mkuu wake wa shule, ambaye anaweza kutoa onyo au karipio. Makosa mazito huenda kwa kamati ya Tume ngazi ya wilaya, na huko ndiko mtu anaweza kushushwa cheo, kupunguziwa mshahara au kufukuzwa. Usiporidhika unakata rufaa Tume makao makuu Dodoma ndani ya siku 45, na juu ya hapo kuna Rais. Nilipoisoma hati nilijua hili la kwangu limewekwa kwenye makosa mazito. Usiku ule sikulala, na mume wangu hakulala.

Asubuhi ilipofika wakaanza kuja wapatanishi.

Alitangulia mtendaji wa kijiji, akafuata mzee wa kanisa, halafu mwalimu mmoja mkongwe ninayemheshimu sana, aliyenifundisha mengi ya kazi hii. Ujumbe wao ulikuwa mmoja. "Mama, haya mambo yanamalizwa nyumbani. Chukua kanga, chukua sukari kilo mbili, nenda kampe pole mama wa mtoto. Mzazi akisema ameridhika, halmashauri nao watasemaje?" Sikuwaona kama maadui. Kwetu suluhu ndiyo njia ya watu wenye busara, na nimeshuhudia migogoro ya mipaka ya mashamba na ya ng'ombe waliokula mtama wa jirani ikiisha vizuri chini ya mti bila mtu kwenda mahakamani.

Lakini sikio la mtoto si mtama. Nilikataa, na nikipigiwa simu leo nasema hivyohivyo: usiende kuyamaliza. PF3 ikishatoka, jambo limeshaingia serikalini na mzazi hana uwezo wa kulifuta kwa neno la mdomo. Zawadi uliyopeleka inageuka kuwa ushahidi dhidi yako, maana swali la kwanza kwenye kikao litakuwa: kama hukumpiga, sukari ulipeleka ya nini? Na mzazi akigeuka akadai zaidi, umeshaingia kwenye biashara usiyoijua mwisho wake. Zaidi ya hayo yote kuna mtoto mwenyewe. Aliyempiga angebaki bila kujulikana, Jumatatu nyingine angesimama mstarini na kiganja kilekile, na binti yule angejua kwamba maumivu yake yana bei ya kanga moja. Mimi nina binti. Sikuweza.

Nilichofanya ni kumwandikia mkuu wa shule, nakala kwa afisa ustawi wa jamii, kuomba shule ihakikishe mwanafunzi anarudishwa hospitali ya wilaya kwa tarehe aliyopangiwa, kwa kuwa baba yake alikuwa ameshauza mbuzi kwa ajili ya nauli na dawa. Barua ilikuwa na mistari michache. Sikutaja kesi yangu ndani yake hata kwa neno moja. Nilimwombea mtoto matibabu kama ambavyo ningemwombea mwanafunzi mwingine yeyote aliyeumia ndani ya uzio wa shule.

Kujibu hati yenyewe nilisaidiwa na katibu wa chama wilayani. Nilikuwa nimekatwa asilimia 2 ya mshahara tangu nilipoanza kazi, na siku hiyo nilikwenda kudai huduma yake, bila aibu. Alinikaribisha, akasoma hati polepole kama mtu anayesahihisha insha, akaniambia: "Mwalimu, hapa umeulizwa mambo mawili. Jibu mawili."

Nimeshasoma majibu ya walimu wengi tangu wakati huo, na karibu yote huanza kwa historia. Mimi ni mwalimu mwenye miaka kadhaa kazini, nimewahi kuwa mfanyakazi bora, wanafunzi wangu hupata A, naishi vizuri na jamii. Kisha yanaingia kwa mtoto: mtoro, ana mahusiano, mama yake anauza pombe, alishawahi kusema uongo kidato cha kwanza. Hati inauliza kama ulimpiga mwanafunzi tarehe fulani, na kurasa tano zimekwisha bila neno "sikumpiga". Msomaji wa jibu kama hilo anabaki na picha moja tu, ya mtu mzima anayemshambulia mtoto. Hata kama hana hatia, tayari ameonyesha namna anavyowatazama watoto.

Jibu langu lilikuwa kurasa mbili. Kosa la kwanza: sikubali, sikutoa adhabu ya viboko kwa mwanafunzi yeyote siku hiyo. Nilikuwa langoni kuanzia saa fulani hadi saa fulani, na daftari la zamu, ukurasa huu, lina mwandiko wangu mfululizo kwa muda huo wote. Kosa la pili: sikubali, sikumpiga mwanafunzi huyu. Nilimwona akiwa ameshika sikio, nikamhoji, nikampeleka kwa mwalimu wa afya, na maelezo hayo yameandikwa siku hiyohiyo, ukurasa uleule. Nikaambatisha nakala za kurasa, kitabu cha mahudhurio ya walimu, na maelezo ya mwalimu wa afya. Halafu nikaongeza aya moja ambayo katibu alinihimiza niiweke na ambayo ningeiweka hata asingesema: kwamba sina shaka mwanafunzi ameumia, na kwamba sidai amesema uongo.

Aya hiyo iliwashangaza baadhi ya wenzangu. Waliona nimejimaliza. Mimi niliiona kuwa ni ukweli wa kawaida kabisa. Mtoto aliumia, na sikuwa mimi niliyemuumiza, yote mawili kwa wakati mmoja. Mwalimu anayetuhumiwa hujikuta anasukumwa achague moja, ama akiri, ama amwite mtoto mwongo, na wengi huchagua la pili kwa hofu. Soma barua ya mlalamikaji kwa makini. Mara nyingi kosa liko kwenye namna habari ilivyosafiri, na mtoto hajadanganya neno lolote.

Likabaki suala la mwenzangu wa zamu. Hati haikuniuliza nani aliyempiga, na mimi sikuona kofi likipigwa. Nilikuwa nimeinama. Lakini niliona nani na nani walikuwa mstarini wakichapa, na nilijua kamati itaniuliza. Ofisi ya walimu ilishajua pia. Nilipoingia mazungumzo yalikatika. Chai ikawa inamiminwa mpaka birika linaisha kabla halijanifikia. Mwalimu mmoja akaniambia waziwazi: "Madam, ualimu ni familia. Usiku ukiingia ni sisi tutakaokuzika." Kundi letu la WhatsApp likawa linarushwa mithali za usaliti bila kutajwa mtu. Sikujibu hata moja, na nawasihi wengine wasijibu, kwa sababu kila unachoandika mle kinaweza kupigwa picha na kufika kwenye meza ya kamati kabla yako.

Niliomba Mungu kuhusu hilo kuliko kuhusu kesi. Nikaamua hivi: nitasema nilichokiona kwa macho yangu, sitaongeza ninachokidhani, na sitapunguza kwa kumwogopa mtu. Kikao kilipofika nikaulizwa walimu gani walikuwa wanachapa, nikawataja. Nikaulizwa nani alimpiga kofi, nikasema sikuona. Mwenyekiti akarudia swali kwa njia nyingine, nikarudia jibu lilelile. Ukishaanza kubahatisha mbele ya kamati, hata kile ulichokiona kweli kinapoteza uzito.

Nilikuwa na haki ya kuleta mashahidi na kuwahoji wa upande wa pili. Mwalimu wa afya alikuja, akasema alichojua. Binti alihojiwa kwenye chumba kingine akiwa na afisa ustawi wa jamii, na maelezo yake yakasomwa kikaoni. Niliulizwa kama nataka aitwe nimhoji ana kwa ana. Nikasema hapana. Kuna walimu wataniona mjinga kwa hilo, na kisheria huenda wana hoja. Lakini mtoto wa miaka 15 kusimamishwa mbele ya watu wazima wenye majalada na kuulizwa na mwalimu wake wa Jiografia kama ana uhakika na maumivu yake, hapana. Maelezo yake yalitosha na nilikuwa tayari kusimama nayo.

Yalipokuwa yanasomwa ndipo nikaelewa jina langu lilivyofika kwenye barua ya baba yake. Binti hakuwahi kusema nilimpiga. Alichomwambia mama yake, usiku ule akiwa na homa, ni kwamba "Madam aliandika jina langu, halafu nikapigwa." Mama akampelekea baba maneno hayo alfajiri. Baba akamwuliza mdogo wa binti aliye kidato cha kwanza, zamu alikuwa madam gani, naye akataja jina langu, maana ndiyo kweli. Mpaka barua inaandikwa kwa Mkurugenzi, hatua zile mbili zilikuwa zimeshaungana zikawa moja. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyedanganya. Mwenyekiti aliniuliza kwa nini nadhani mzazi alinitaja. Nilimjibu kwamba baba aliandika alichoelezwa, na kwamba ningekuwa yeye ningeandika pia.

Sentensi ya yule binti nimeibeba tangu siku hiyo. Kwa mtoto, anayeandika jina langoni na anayechapa mstarini ni watu wa kazi moja. Kwenye zamu yangu sasa waliochelewa wanaingia darasani kwanza. Majina nayachukua mapumziko, pamoja na sababu, na mchana nakaa nao wanaochelewa mara kwa mara nikijua nani anavuka korongo na nani anachota maji kwanza kabla ya kuja shule. Sishiki fimbo wala simkabidhi mtu mtoto wa kupigwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamkataza mtu yeyote kumtesa mtoto, na waraka wa 2002 bado upo ukiruhusu viboko, na mwalimu anaishi katikati ya karatasi hizo mbili. Msimamo wangu nausema wazi kwenye vikao vya walimu: viboko viondoke shuleni, na mpaka siku hiyo, asiyekuwa na idhini ya maandishi asiguse fimbo. Wengine hununa. Lakini ni walewale wanaonipigia simu usiku bahasha ikifika.

Katika miezi ya kusubiri niliendelea kufundisha. Wapo wanaosimamishwa kazi kupisha uchunguzi, na hao nawaambia kusimamishwa siyo hukumu, wasihame kituo, wasizime simu, wasiache barua yoyote bila jibu. Mimi niliondolewa tu kwenye zamu. Kilichonisaidia kufika mwisho nikiwa na akili zangu ni andalio la somo. Kila jioni niliandaa kipindi cha kesho kama kawaida, kwa sababu kidato cha nne walikuwa na mtihani wa taifa Novemba na hawakuwa na kosa lolote. Mume wangu alinikataza kusoma hati baada ya saa mbili usiku. Niliona ni jambo dogo wakati ule. Lilinifaa kuliko ushauri mwingi mkubwa.

Kila karatasi niliyoipeleka wilayani niliipeleka mwenyewe, nakala mbili. Jibu kwa desturi hupita kwa mkuu wa shule, na wa kwangu alikuwa na sababu zake za kuchelewa kulipeleka. Nilimkabidhi nakala yake akasaini kwenye dispachi, kisha nikapanda basi na nakala nyingine mpaka masjala, ikagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nikaondoka na yangu iliyogongwa. Karani aliniuliza kwa nini nasumbuka hivyo. Niliposema siku zangu 14 zinaisha kesho, alinielewa akagonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.

Kamati iliamua kwamba mashtaka hayakuthibitika. Nilipigiwa simu na mtu wa ofisini kunipongeza, na nyumbani tulichinja kuku. Sikio la binti lilipona lenyewe baada ya majuma kadhaa, kama daktari alivyotarajia, akarudi darasani kwangu na akaendelea kukaa dawati la mbele. Ya mwenzangu yalikwenda kwa njia yake, na jalada lake si langu la kulisimulia.

Simu ile ya pongezi, hata hivyo, haikuwa barua. Miezi ikapita. Niliuliza, nikaambiwa "si ulishaambiwa, Mwalimu?" Mwaka 2021 madaraja ya walimu yalipoanza kupandishwa, wenzangu tulioajiriwa pamoja wakaona majina yao, langu halikuwepo. Nikaenda wilayani. Afisa alifungua jalada langu mbele yangu: hati ya mashtaka ipo, jibu langu lipo, matokeo hayapo. Kwa karatasi zile nilikuwa bado mshtakiwa. Nilikaa kwenye benchi la ofisi ile mpaka barua ya uamuzi ikachapwa, ikasainiwa, ikawekwa kwenye jalada nikiona kwa macho yangu, na nikaomba nakala mbili. Jina langu lilitoka kwenye orodha iliyofuata. Nakala moja ninayo nyumbani, nyingine nimeiacha kwa katibu wa chama, na mwalimu akinipigia kuniambia ameshinda, namwuliza ameshinda kwa barua namba ngapi.